Risasi ya Sufuri Sita na Tundu la Pajani

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata nikifika umri wa kusahau jina langu, yenyewe nitaikumbuka. Nitakusimulia, lakini kwanza kaa vizuri, iweke hiyo simu mezani, unywe chai. Umepanda na Hiace kutoka Mbamba Bay, kona zote zile za mlimani, na tangu umeingia hujapumzika, unalalamika tu. Hata shikamoo umeitoa huku unavua viatu!

Nimekusikia. Umesema bunduki mliyopewa kazini ni ya kizamani na risasi yake haina nguvu. Umesema juzi ulimpiga nguruwe pori begani, kwenye mihogo ya watu kule ziwani, ukamwona kwa macho yako, na bado akakimbia akaingia kichakani. Halafu ukanionyesha kwenye simu kundi lenu la walenga shabaha wanavyobishana. Mmoja anasema thelathini sufuri sita ni risasi ya marehemu babu yake, izikwe naye. Mwingine anaapa kwamba hakuna risasi nyingine duniani, na asiyeitaka aache bunduki akashike jembe. Watu wazima, wenye wake na watoto, wanatukanana kwa ajili ya kipande cha shaba chenye urefu wa kidole tu! Nimecheka, lakini moyoni nimeshtuka kidogo. Utajua kwa nini.

Unadhani ubishi huo umeanza kwenye simu? Mimi niliukuta Mbinga. Nilikuja hapa nina miaka ishirini na tatu, nimetoka kwetu Kondoa na sanduku la bati na sweta moja, na sweta lenyewe halikutosha. Nilikuwa msaidizi wa wanyamapori, na katika ofisi ile hakujawahi kuwa na mwanamke anayebeba bunduki. Nilikuwa mwembamba, ushungi kichwani, na mdomo nilikuwa nao, weee! Ukinigusa neno moja nakurudishia matatu.

Ofisini tulikuwa na bunduki za aina mbili. Ilikuwepo ile kubwa, ya tembo na nyati, ambayo ukiipiga bega linakuuma mpaka kesho yake. Na zilikuwepo mbili za thelathini sufuri sita, ambazo sisi kwa kufupisha tuliziita sufuri sita, bunduki na risasi yake pamoja. Vijana wote tuliililia ile kubwa. Sufuri sita tuliiita risasi ya walimu, maana kila mwalimu mkuu au mkulima wa kahawa aliyepata kibali cha kuwinda alinunua hiyo hiyo. Kitu kikishakuwa cha kila mtu, kijana anaona kimeisha utamu. Wewe mwenyewe hukulikataa lile shati la bluu kwa sababu umemkuta mwenzako kalivaa? Haya.

Wazee nao walikuwa na lao. Kwao sufuri sita ilikuwa kama mke wa ujanani, haisemwi vibaya. Inapatikana Mbinga, inapatikana Songea, inafika ng'ambo ya bonde, na haikuachi na bega bovu. Na aliyekuwa mbele ya wazee hao wote ni Mzee Ndunguru.

Mzee Ndunguru alikuwa ndiye mtunza stoo ya silaha. Mmatengo wa Matiri, si mbali na hapa, mfupi, mpole, rozari kwenye mfuko wa shati na ufunguo wa stoo shingoni kwa kamba ya katani. Unaijua hii baridi yetu na ukungu wake, hata chumvi inalowa ndani ya kopo. Basi yule mzee kila Jumatatu alizitoa risasi zote, akazipangusa moja moja kwa kitambaa, akazirudisha kwenye sanduku lenye kopo la mkaa mkavu ili unyevu uingie kwenye mkaa. Alizipangusa huku anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Mimi nilimcheka. Nilimwambia, "Mzee, utazibatiza lini?" Akasema, "Zikishakubali, binti Kondoa." Hivyo ndivyo alivyoniita, binti Kondoa, na mpaka leo wapo watu mjini hawalijui jina langu jingine.

Mwaka huo nguruwe waliingia kwenye shamba la Mama Kapinga, kule kule Matiri. Alikuwa mjane, ana ngolo kwenye mteremko ule unaotazama mto. Wewe umezaliwa mjini na umepangiwa ziwani, kwa hiyo nikueleze: ngolo ni yale mashimo ya Wamatengo, mlima mzima unachimbwa mashimo kama kitanda cha chaga, mahindi yanapandwa kwenye kingo, na mvua ikinyesha maji yanabaki shimoni badala ya kuuchukua udongo. Ni kazi ya mgongo hasa. Mama Kapinga aliichimba na mabinti zake, na sasa mahindi yameanza kukauka, nguruwe wanakuja kula. Alikuja ofisini, akakaa kwenye benchi siku nzima mpaka akasikilizwa.

Tukapangiwa mimi na Mzee Ndunguru. Na kwa sababu ni nguruwe tu, Bwana Afisa, mkuu wetu, akasema tuchukue sufuri sita. Nilinuna, mwanangu! Kazi yangu ya kwanza mbele za watu, na wananipa risasi ya walimu.

Siku moja kabla, Mzee akaegemeza ubao kwenye tuta nyuma ya ofisi, akachora duara kwa mkaa. Akaniambia, "Piga tatu. Hii bunduki hamjazoeana." Nikamjibu kwamba hiyo hata mtoto anaipiga, tusimalize risasi za serikali bure. Hakubishana. Aliuchukua ubao wake akaurudisha stoo, na ufunguo wake shingoni.

Asubuhi ile sasa. Vijana wa kijiji na mbwa wao waliingia kichakani kutokea chini, sisi tukasimama juu, kila mmoja upande wake na bunduki yake. Ukungu ulikuwa umeanza kuachia. Watu walikuwa wamejaa kwenye njia ya juu kunitazama, maana habari ya mwanamke mwenye bunduki ilishafika mpaka Litembo. Dume moja likatoka, kubwa, manyoya ya mgongoni yamesimama. Nikafyatua.

Nilijua. Nisikilize hapa vizuri. Nilijua papo hapo, kabla moshi haujaisha, kwamba kidole kimevuta mapema kuliko jicho. Nilitaka limalizike upesi, watu waone. Nikaona miguu ya nyuma ya yule nguruwe inayumba, akaingia kwenye mahindi. Nilikuwa nimempiga paja la nyuma.

Vijana wakaja mbio. "Umempata?" Na mdomo wangu, huu huu unaokupa nasaha leo, ukasema, "Nimempata begani kabisa. Lakini hizi risasi! Hazina nguvu, zimelala stoo mpaka zimekufa."

Hapa kwetu, aliyemtoa mnyama damu ndiye anayeifuata hiyo damu. Huachi mnyama aliyeumia kwenye njia za watu. Mimi nikasema siwezi kumfuata nguruwe na risasi mbovu, nakwenda ofisini kuchukua ile kubwa. Nikapanda Landrova ya ofisi nikaondoka. Unaona uongo unavyotafuta usafiri?

Mzee Ndunguru hakunisubiri. Kwenye kahawa ya chini walikuwepo wanawake wanachuma, na nguruwe mwenye maumivu hachagui wa kumrukia. Akaingia peke yake kwenye ngolo na sufuri sita yake. Nguruwe alikuwa amelala ndani ya shimo moja, amefunikwa na mabua. Alimrukia mzee kutoka pale, umbali wa kutoka hapa nilipo mpaka mlangoni. Mzee alipiga risasi moja tu. Nguruwe akafa, lakini alishafika, na meno yake yalimpasua mzee mguu kuanzia goti mpaka karibu na kifundo.

Niliporudi na bunduki yangu ya tembo, nikakuta wanampakia kwenye machela ya miti. Hakulia. Aliniangalia tu, akafumba macho.

Sasa lililofuata ndilo lililoniumiza miaka yote hii. Wakati wa kumchuna nguruwe, aliyepiga huitwa aje kuonyesha tundu lake. Mimi nikaitwa. Nikasema, "Mimi ni Mwislamu, jamani, nguruwe simsogelei." Wakaniheshimu, wakaniacha. Dini yangu, ambayo haijawahi kunidhuru, nikajificha nyuma yake kama mwizi nyuma ya mlango. Astaghafirullah.

Wachunaji wakakuta matundu mawili. Moja begani, safi, pale pale panapotakiwa. Jingine pajani, la aibu. Binti si alisema amepiga begani? Basi la begani likawa langu. Na la pajani wakampa Mzee Ndunguru. Wakasema, maskini mzee, macho yameisha. Wakasema, kama binti alipiga begani na nguruwe bado akawa na nguvu za kumrarua mtu, basi kweli risasi za stoo zimekufa, na nguruwe amekufa baadaye kwa kuishiwa damu. Nilikuwa nimesimama hatua ishirini, nasikia kila neno. Wengine wakaja kunipa mkono.

Na unajua nani waliofurahi zaidi? Wenzangu ofisini. Walikuwa wakiisema sufuri sita muda mrefu, sasa wamepata ushahidi. Wiki ile ile Bwana Afisa akaenda hospitali kumjulia hali mzee, akarudi na ufunguo mkononi, kamba yake ya katani inaning'inia. Stoo ikafungwa. Ikaandikwa barua kwamba mtunza stoo ameharibu risasi za serikali kwa uzembe, na apumzishwe kazi. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu kwa heshima. Mtu aliyezipangusa moja moja kila Jumatatu!

Mzee alikuwa anaijua kweli yote, kwani risasi ya begani aliipiga mwenyewe, nguruwe yuko mbele ya uso wake. Nikangoja aseme. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakusema. Nilikuwa silali, mwanangu, na chakula hakipiti. Nikisema kweli, nitasikia wanaume wote wa wilaya wanasema, "Si tulisema? Mwanamke na bunduki wapi na wapi." Nikinyamaza, mzee anakwenda nyumbani na aibu yangu mguuni mwake.

Siku ya nne nikanunua sukari na sabuni, nikaenda hospitali. Nilimkuta amekaa kitandani, mguu umefungwa kitambaa cheupe mpaka juu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti Kondoa. Umekula?"

Hilo ndilo alilouliza. Eti kama nimekula! Nikaanza kulia pale pale, wagonjwa wote wananitazama. Akaniacha nikalia mpaka nikamaliza, kisha akasema maneno ambayo nayajua kama ninavyoijua Alhamdu.

"Bunduki haikunikosea, na nguruwe hakunikosea, alikuwa anaumwa. Mimi nikisema, wataniamini, na wewe utafukuzwa kesho, na hapatakuja binti mwingine kwenye ofisi ile mpaka nife. Kwa hiyo mimi sisemi. Lakini ile risasi umeisingizia, na yenyewe haiwezi kujitetea. Umeidharau, ndiyo maana hukutaka hata kuizoea. Ungeipa risasi tatu tu kwenye ubao, leo sote tungekuwa nyumbani. Tundu la pajani ni la nani, binti?"

"Ni langu, Mzee."

"Umeniambia mimi, na mimi nilikuwepo. Kawaambie ambao hawakuwepo."

Kisha akaomba nimwekee sukari kwenye uji, vijiko vitatu, kama vile tulikuwa tukizungumza habari za mvua.

Jumapili nikaenda Matiri kwa miguu. Nilijua watu wote watakuwa kanisani, na misa ikiisha wanasimama uwanjani kusikiliza matangazo ya katekista. Nikasimama kando na ushungi wangu, nikangoja. Alipomaliza ya jumuiya na ya ndoa, nikamwomba nafasi. Akashangaa, akanipisha.

Nikasema, "Tundu la pajani ni langu. La begani ni la Mzee Ndunguru. Risasi zake ni nzima, mimi nilipiga vibaya nikasema uongo, na ni mimi niliyetakiwa kumfuata yule nguruwe." Nikasikia kuku anatetea mahali fulani.

Aliyesema wa kwanza ni Mama Kapinga. Alisogea mbele na kitenge chake cha kanisani, akanitazama juu mpaka chini. "Sasa wewe mtoto," akasema, "umetufanya siku zote hizi tusimpelekee mzee chakula, tunasema ametuharibia risasi! Unajua ana njaa kiasi gani yule, na anavyopenda kula?" Watu wakacheka, mimi nikalia tena. Nadhani hata baadhi yao walilia. Jioni ile ile Mama Kapinga na wanawake wenzake walifunga ugali wa mahindi ya shamba lile lile, na maharage, wakaenda nao hospitali, na mimi nimebebeshwa kikapu kizito kuliko vyote. Hiyo ilikuwa adhabu yangu ya kijiji, na niliipenda.

Ya ofisini haikuwa tamu. Bwana Afisa alinifokea mpaka sauti ikamkauka. Nilinyang'anywa bunduki msimu mzima wa kilimo, nikawa nafagia na kujaza madaftari ya mazao yaliyoharibiwa. Wanaume walisema yale niliyojua watayasema, tena na mengine ambayo sikuyawazia. Lakini wakatoa risasi kumi kwenye lile sanduku la mzee, wakazipiga kwenye ubao, zote kumi zikapenya. Ufunguo ukarudi shingoni kwake. Alirudi kazini anachechemea, na mguu ule haukunyooka tena mpaka alipozikwa.

Na msimu uliofuata, Bwana Afisa alipouliza nani aende na binti Kondoa shambani, wote wakatazama dirishani. Mzee Ndunguru akasema, "Mimi. Huyu anajua gharama ya kukosea." Aliegemeza ubao wake nyuma ya ofisi. Nikapiga tatu, nikaomba nyingine tatu. Nimeibeba ile sufuri sita miaka ishirini na tisa. Mzee alipostaafu, kwa heshima yake yote, alivua kamba shingoni akanivalisha mimi, na nilipostaafu mimi nilikuwa bado nazipangusa kila Jumatatu. Nyimbo nilikuwa naimba kaswida, lakini ni kwa sauti ile ile ya chini.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na nakupa bila kuizungusha. Usiidharau risasi kwa sababu kila mtu anayo. Imekuwa ya kila mtu kwa sababu imewafaa wengi. Wala usiiabudu kama wale wazee wa kwenye simu yako, maana zipo kazi zake na zipo zisizo zake, na kumpiga kiboko si kazi yake. Izoee. Ipe ubao kabla ya kuipa mnyama. Ikienda vibaya, anza kuuliza kidole chako, halafu jicho lako, halafu ndiyo uiulize risasi. Na ukishamwaga damu, ifuate mwenyewe, hata kama watu wote wanakutazama na umeaibika, kwa sababu usipoifuata wewe ataikuta mwingine.

Mbona umeacha chai? Nakuona unavyotazama kikombe. Mimi sikuulizi yule nguruwe wako ulimpiga wapi. Nakuuliza moja tu. Ni juzi hiyo, umesema. Wanawake wa kule wanakwenda kuchimba mihogo kila asubuhi, na wanabeba watoto mgongoni. Nani amekwenda kumfuata?

Hakuna, eh? Nilijua tu.

Haya, vaa viatu. Hiace ya kushuka inaondoka saa sita, ukifika utakuwa bado na mwanga wa kutosha. Chukua ile bunduki ile ile, usije ukaenda kuazima kubwa, nenda na mtu anayejua kusoma nyayo, na umwambie kweli umempiga wapi, ili ajue anatafuta nini. Ukimpata, nipigie hata kama niko kwenye sala, nitaona nikimaliza. Sikufukuzi, mwanangu, nyumba hii ni yako, na ukirudi utalala siku mbili ule viazi mpaka uchoke. Mungu aliyemlinda Mzee Ndunguru shimoni akulinde na wewe kichakani. Akutulizie kidole, akupe jicho la kungoja, na ulimi ambao ukikosea haukimbii. Amina. Nenda sasa, mwanangu, nenda, chai nitakupashia siku nyingine.